Bakteria Aliowaacha Marehemu Mke Wangu

Tarehe 14 Juni

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Nimepata barua yako ukiniuliza, kwa heshima ya marehemu mke wangu, kama wale bakteria wa jamii ya leptospira aliowatunza miaka kumi na mmoja wabaki au wachemshwe. Ahsante kwa kuniuliza. Wachemshwe wote. Sababu zangu ni hizi.

1. Umbo lao halina adabu. Mimi ni fundi cherehani. Siku aliponichungulisha kwenye hadubini niliona nyuzi zilizojisokota, ncha zimepinda kama kulabu, zinacheza bila muziki. Uzi wa namna ile huharibu mashine.

2. Hukaa kwenye mkojo wa panya, wakimpata mtu mwenye kidonda humwingia, wakamgeuza manjano na kumharibu figo. Mgeni wa tabia hiyo hapewi kabati lenye joto. Wao wamepewa.

3. Walipendelewa. Wao walikula seramu ya damu ya sungura kwa ratiba. Mimi, ambaye mke wangu aliniita Bobini kwa ajili ya kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, niliambiwa, "We Bobini, chakula kiko jikoni, pasha mwenyewe. Wanangu wana njaa." Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo nilikwenda nikapasha.

4. Nilipougua mafua alinipa vidonge viwili akaenda kazini. Bakteria wa mrija mmoja wa kioo walipokufa, hakula siku mbili.

5. Hawakuja mazikoni. Najua hawana miguu, lakini hata salamu?

6. Kosa kubwa ni hili. Aliyemwondoa mke wangu ni moyo, si wao, na kwa hilo nawatetea. Lakini wako mamilioni, wazima, wanakula, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyejitolea kwenda badala yake.

Basi naomba wachemshwe Jumatatu asubuhi, kabla sijaingiwa na huruma. Nisalimie wote hapo, hasa mama wa usafi aliyenishika mkono pale korido baada ya msiba.

Ni mimi, mwenye huzuni na msimamo,
Mume wa marehemu

Nyongeza: Nikiwa nalamba bahasha nimewaza: ukiniondoa mimi, ni nani mwingine duniani aliyelishwa na mkono ule miaka yote hiyo? Usiwachemshe. Aliwahi kuniambia hawapendi mwanga, kwa hiyo nimewashonea pazia jeusi la kabati, pindo mara mbili. Nitalileta mwenyewe. Siku ya kuwalisha nitasimama mlangoni tu, sitagusa kitu. Tafadhali, siku hiyo unikumbuke.