Kuhusu Bibi Yangu Kusaidiwa Kupita Kiasi

Kwa Dakta Haverkamp,
Mkurugenzi, Programu ya Wanafunzi Bora.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba njia ya kuingilia ofisini kwako haina barafu. Naitwa Maren Koskela, niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa mjini, na ninaishi na bibi yangu, Aune Koskela, katika nyumba ya kijani mtaa wa chini ya chuo chenu. Huenda unamfahamu. Wanafunzi wako wamemsaidia sana, na hilo ndilo ninalolilalamikia, kwa heshima zote.

Naelewa kwamba mwanafunzi bora hawezi kuhitimu kwa ubora wake mpaka atimize saa za kuitumikia jamii. Jamii yenyewe ni sisi. Tumejitahidi kuwa jamii nzuri, lakini tumeanza kuchoka kwa sababu zifuatazo:

1. Hesabu ya saa hizo hufungwa kabla ya mapumziko ya Novemba, kwa hiyo wanafunzi wote hutuhurumia mwezi wa Oktoba. Safari hii kikosi cha kwanza kilifagia majani ya mti wetu asubuhi. Kikosi cha pili kilifika baada ya chakula cha mchana, kikakuta uwanja msafi. Walisimama wakiutazama mti kwa huzuni. Kisha kijana mmoja, Preston, akasema, "Jamani, kazi ipo, ila haijashuka!" Akapanda, akautikisa. Mengi ya majani hayo yalikuwa bado ya kijani.

2. Hupiga picha. Msichana aitwaye Delaney alimwomba Bibi akae kwenye ngazi asitabasamu. "Bibi, jaribu kuonekana kama hujatembelewa siku nyingi." Bibi akamjibu, "Binti, uwanja una watu kumi na wanne, nawe umekalia sanduku langu la maua. Nianzie wapi?"

3. Delaney huyo huyo aliandika insha, ikabandikwa kwenye ukuta wa maktaba yenu. Humo Bibi ni "mjane mpweke aliyenifundisha unyenyekevu." Bibi alimfundisha kushika reki, maana alikuwa ameishika juu chini. Tena Bibi si mjane. Babu yu hai, anaishi ng'ambo ya ziwa na mwanamke anayefuga mbwa, na hakufurahi kusoma kwamba amefariki.

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Theluji hapa huanza mwisho wa Novemba na kukaa mpaka Aprili, na katika muda huo hatumwoni mwanafunzi bora hata mmoja. Mwaka jana Bibi aliteleza mlangoni akavunjika kifundo cha mkono. Shangazi Raili alikuja kutoka Detroit, akatangaza mezani: "Mama, ukianguka tena nyumba naiuza, na wewe unakwenda kwenye makao ya wazee. Sitaki mjadala." Tangu hapo nazoa theluji mwenyewe kila asubuhi kabla ya shule. Lakini Septemba natarajia kwenda chuoni. Nilimwuliza Preston kama angeweza kuja majira ya baridi. Alinijibu kwa upole kabisa, "Pole, dada. Mimi saa zangu zimeshatimia. Labda mtafute mwenzetu aliyezembea."

Kwa kuwa sipendi kulalamika bila kupendekeza, naomba ofisi yako ifikirie yafuatayo.

Chuo kipange theluji ianguke Oktoba. Idara yenu ya sayansi ina majengo mawili. Sidhani kama itashindwa. Hilo lisipowezekana, Bibi yuko tayari kuanguka Oktoba, mradi aambiwe mapema ni Jumamosi gani, ili Shangazi asipange kuja siku hiyo.

Nalo hilo likishindikana, naomba Bibi aandikishwe kuwa Mwanafunzi Bora. Sifa anazo. Kwa miaka mingi amewatumikia vijana wenu: amewaokea mikate ya iliki, amewaazima glavu ambazo hazikurudi, na amekaa bila kutabasamu kila alipoombwa. Hakuna mwanafunzi wako aliyejitolea kwa saa nyingi kama zake. Wanafunzi bora hulala bwenini, na njia za bweni husafishwa kwa trekta kabla jua halijachomoza. Huko hatateleza. Shangazi naye hatakuwa na la kusema, kwa sababu huwezi kumpeleka makao ya wazee mtu aliye katikati ya muhula.

Wasalimie walimu wote, makatibu, na hasa dereva wa trekta. Mwambie Preston kwamba mti unaendelea vizuri.

Ni mimi mwenye kutumaini jibu,
mjukuu wa Aliyesaidiwa,
Maren Koskela

Tanbihi: Nilisahau kutaja kwamba nami nimeomba nafasi katika programu yako, na bila ufadhili wake siwezi kusoma. Katibu wako amenijulisha kwamba hata mwombaji hutakiwa kuwa na saa za kuitumikia jamii, kwamba kuzoa theluji ya Bibi hakuhesabiwi, kwa kuwa ni ndugu yangu, na kwamba bado napungukiwa saa. Kama mnaye bibi wa mtu mwingine, tafadhali nipeni, hata awe mbali. Niko huru kila asubuhi kabla ya shule. Nimeshaongea na Bibi, amekubali. Anasema theluji ya mlangoni kwake ataizoa mwenyewe.