Figo Mbili za Mbuzi Mmoja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepata mimi! Dk. Generoza, mtafiti wa figo kutoka chuoni, amenichagua nimletee sampuli ya majaribio. Siyo Danstan wa bucha ya jirani. Kanuna huyo! Kazi yenyewe: figo mbili za mbuzi jike mmoja, zitiwe kwenye boksi la barafu papo hapo. Maabara watatenganisha seli mojamoja na kusoma jeni za kila seli peke yake. Nikamwambia figo ni figo tu. Akarudia: mbili, za mbuzi mmoja. Nikifaulu, napata ajira na koti jeupe. Mzee Desderius wa Kibimba ameshasema binti yake Koleta haolewi na mtu asiye na ajira.

Jumatano, 11 Juni

Balaa. Nimechinja alfajiri, barafu tayari. Nani anatokea? Mzee Desderius! Shikamoo, marahaba, akakaa, macho kwenye figo. Hapa kwetu Nyamiaga mkwe akikukuta unachuna, unamchomea figo. Nimnyime? Nimkose Koleta kwa ajili ya seli? Nikachoma moja. Akala, akasifia chumvi.

Imebaki moja! Danstan alikuwa amechinja kondoo. Nikamwomba figo. Akanipa upesi mno, tena anacheka. Nikaitia barafuni. Zinafanana kabisa, nani atajua?

Jumatatu, 7 Julai

Majibu yamerudi. Dk. Generoza hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema, "Ndugu Renatus, nusu ya seli za mbuzi wako ni za kondoo. Tena dume."

Nikajitetea kwamba mifugo ya Ngara huchanganyika malishoni. Akafunga faili. Ajira kapewa Danstan. Koti linambana tumbo, nimeliona. Imeniuma sana. Mzee Desderius naye ametuma ujumbe: Koleta asubiri kwanza. Na figo kala yeye!

Jumatano, 9 Julai

Nimemsihi Dk. Generoza hadi kachoka. Kanipa nafasi ya mwisho, kesho. Kosa langu nimeliona: kondoo. Nimenunua huko Nyakisasa mbuzi pacha, majike wote. Mama mmoja, baba mmoja. Nitachinja wote. Figo moja ya kila mbuzi kwa mtafiti, moja ya kila mbuzi kwa mkwe. Kila mtu mbili, asilalamike mtu. Mzee nimemwalika aje mapema.