Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyelainisha Usukani Wangu

Kwa Dada Mkubwa,
Msimamizi wa ukoo wetu tangu Mama alipotutoka.

YAH: BINTI YAKO NA MIPIRA YA STELINGI YA GARI LANGU

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima kwa shida, na shida yenyewe ni binti yako, fundi magari, uliyemruhusu asomee ufundi wakati mimi nilipendekeza ukarani. Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja. Najua lalamiko la kweli na la uzushi. Hili ni la kweli, na nimelipangia namba.

Gari langu unalijua: lile jeupe la kizamani, refu kama sentensi ya wakili, ambalo mtaa mzima unaliita Shingo Ngumu. Lilitoka kiwandani na pawa stelingi, yaani pampu inayosukuma mafuta ili dereva akate kona bila kutoka jasho. Mafuta hayo hupita kwenye mipira miwili, mmoja wa presha unaoyapeleka na mwingine wa kuyarudisha. Miaka kumi na tisa iliyopita ule wa presha ulipasuka. Nikanunua mwingine, nikaupitisha mwenyewe palipokuwa na nafasi, nikaufunga kwa waya, na waya ulipoishia nikamalizia na tai yangu ya kazini. Kwamba nafasi hiyo ilikuwa juu ya ekzosi, bomba la moshi lenye moto, ni jambo dogo. Mpira uliungua, mafuta yakaisha, pampu ikanyamaza. Tangu hapo nikawa nakata kona kwa nguvu za kifua, na nikawa mtu wa kuheshimika.

Sasa nisikilize.

1. Tarehe tatu mwezi huu, bila kibali changu cha maandishi, binti yako alifungua boneti. Nilikuwa nimempelekea gari abadilishe taa ya nyuma. Ya nyuma, Dada! Boneti iko mbele.

2. Alinidhalilisha mbele ya kinyozi. Kibanda cha kinyozi kimepakana na gereji, na kinyozi huyo ukimpa siri ni sawa na kuibandika ukutani. Binti yako aliinamia injini, kisha akauliza, "Mjomba, hii ni nini?"

"Tai," nikamwambia.

"Inafanya nini humu?"

"Inashika mpira."

"Na mpira unashika nini?"

Kinyozi akamwacha mteja na nusu ya nywele, akaja kuchungulia. "Kumbe!" akasema. "Miaka yote tunadhani gari la mzee linafuka kwa uzee, kumbe linavuta tai!" Mteja naye akaja, na kitambaa shingoni. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku ile naitwa Mzee Tai, na watoto wa mtaani wanadhani ni yule ndege.

3. Alifanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Nilikaa juu ya ndoo siku mbili nzima nikitafuta kosa lake niliandike, sikulipata, na hilo nimeliandika. Alichora mstari wa chaki kwenye mpira mpya kutoka ncha hadi ncha, ili ukijisokota wakati wa kufungwa auone mstari ukizunguka. Akaupitisha pembeni mwa chesisi, mbali na ekzosi, mbali na feni belti, kama mkwe mwenye adabu anayejua wapi asikanyage. Nikamwambia aukaze, unaning'inia. Akanijibu, "Mjomba, injini inatikisika. Ukiuvuta kama kamba ya kuanikia nguo, siku moja utachomoka." Akaufunga kwa klipu zenye mpira ndani, moja baada ya nyingine, na kila moja akaitikisa kwa mkono kana kwamba anamwamsha mtu usingizini. Alikuwa anapiga mluzi, Dada. Kazini!

Kisha akabadilisha na ule wa kurudisha, akajaza mafuta mapya, akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akalala chini na tochi, akaniweka kwenye usukani. "Washa. Kata kulia mpaka mwisho, nione kama mpira unagusa kitu." Nami nikakata kama nilivyozoea, kwa kifua, kwa meno, kwa roho yote. Usukani ukaenda wote. Nami nikaenda nao. Nilijikuta nimelala kwenye kiti cha abiria, miguu ikitazama dari.

"Haugusi kitu!" akapiga kelele toka chini, kwa furaha. "Sasa kushoto, Mjomba!"

Sikuweza. Nilikuwa bado natafuta kofia.

4. Amenipokonya mke. Wifi yako ana leseni ambayo imelala kwenye droo miaka kumi na tisa, kwa sababu Shingo Ngumu lilikuwa halimsikii mtu mwingine ila mimi. Siku gari lilipotoka gereji aliingia "kujaribu tu." Alikata usukani kwa vidole viwili, kama anayefunua kurasa za kitabu, akapotea. Aliondoka saa nne asubuhi. Alirudi saa kumi jioni, kilemba kimehamia shingoni kwa upepo, macho yanang'aa.

Nikamuuliza, kwa utulivu wa mahakama, "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakata kona."

"Kona zipi?"

"Zote," akasema, akaingia ndani akiimba.

Siku hizi mimi ndiye nakaa kiti cha pembeni. Juzi nilimwambia apunguze mwendo, akanipigapiga gotini na kusema, "Tulia, baba, tutafika." Hayo ni maneno yangu! Nimemwambia hayo miaka yote ya ndoa!

5. Ameniharibia udhuru. Kwa miaka kumi na tisa kila nilipoitwa mahali nisipopapenda nilisema, "Ningekuja, ila kona za kwenu, na usukani wangu huu..." Watu walinihurumia. Sasa kinyozi ametangaza kuwa Mzee Tai anapita popote. Nimehudhuria vikao viwili vya wapangaji nami si mpangaji. Yule shemeji yangu anayesimulia upasuaji wake kuanzia sindano ya kwanza nimemsikiliza mara tatu ndani ya wiki moja, na mara ya tatu alinionyesha kovu.

6. Hili ndilo zito kuliko yote, linahusu jamii nzima. Zamani nikitaka kuegesha, wanaume wanne walitoka kunisaidia. Kinyozi aliingiza mikono dirishani tukaukata usukani pamoja, wengine wakasukuma pua ya gari. Tulitukanana kidogo, tukacheka, tukaulizana hali za nyumbani. Sasa naegesha kwa pumzi moja na hakuna anayetoka. Jana nilipiga honi bila sababu. Kinyozi akachungulia tu, akapunga kitana, akarudi ndani.

Basi jiulize, Dada: kama mpira mmoja uliofungwa vizuri umeua ujirani wa mtaa mzima, itakuwaje mafundi wote wakiiga? Kila gari litakata kona. Kila mtu atafika aendako, mapema, bila jasho. Hakuna atakayemsukuma mwenzake wala kumlaumu. Bila lawama hakuna kesi; bila kesi mahakama zitafungwa, na vijana watakaosomea ukarani watafuga popo humo. Yote hayo kwa klipu sita!

Kwa hiyo naomba uamuru yafuatayo:

(a) Binti yako alegeze klipu mbili na kuurudisha mpira karibu na ekzosi. Sidai mengi, upana wa kidole unatosha.

(b) Anirudishie tai yangu, hata kama imebaki fundo tu.

(c) Aache kupiga mluzi kazini. Mteja akimwona fundi ana raha kiasi kile hupoteza hamu ya kulalamika, na mimi nimekaribia mara mbili kumshukuru.

Naingoja hukumu yako kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja hukumu za wengine. Nisalimie shemeji, uwasalimie majirani wa pande zote mbili, na paka wenu mwenye jicho moja. Fundi pia msalimie, lakini kwa sauti ya chini, asije akadhani amesamehewa.

Ndimi mdogo wako mtiifu,
Karani (Mstaafu)

N.B. Dada, nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha, nimelazimika kuifungua. Kuna jambo sikulisema. Mwezi wa pili daktari aliniambia bega langu la kulia limechakaa, na kwamba nikiendelea kuvutana na usukani mgumu, mwaka huu usingeisha kabla sijaacha kuendesha kabisa. Nilikunja karatasi yake nikaificha ndani ya kiatu changu cha harusi, nikaendelea kukata kona nikiuma meno. Sikumwambia mtu.

Leo asubuhi nimekitoa kiatu kile nikipige rangi. Ndani nimekuta karatasi mbili. Moja ni ya daktari. Nyingine ni mwandiko wa mke wangu, rasimu ya barua kwa binti yako, tarehe ya mwezi huohuo wa pili: "Mwanangu, mipira miwili, klipu sita, na mkono wako mwenyewe. Usimwambie mjomba wako kwamba najua. Mwache agombe."

Nimekiacha kiatu bila rangi. Kisha nimemwomba wifi yako funguo, amenipa. Tumekwenda mpaka kwenye ule mzunguko wa barabara kuu, nikaukata usukani kwa kidole kimoja, bega likaniuliza kama kuna kazi. Hakuna! Nikazunguka. Nikazunguka tena. Askari wa barabarani akadhani nimepotea, akanionyesha njia zote nne. Nikampungia mkono nikaendelea.

Malalamiko ya 1 hadi ya 6 nayafuta. Mwambie mwanangu asiguse klipu hata moja. Mke wangu alikuwa anahesabu mizunguko kwa sauti, akafika saba akashindwa kwa kicheko. Ya nane na ya tisa nilihesabu mwenyewe.