Sura Inayostahili Jalada

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Sura yangu imegunduliwa! Miaka mitatu nalinda mlango wa studio hii wanakopigwa picha mastaa wa magazeti. Leo mpiga picha, Madam Hala, kaniita ndani, kanikalisha kwenye stuli, kaniwashia taa, kapiga tatu. Akasema safi kabisa. Nimempigia Mama kule Butere: mwezi ujao mwanao yuko kwenye jalada la gazeti. Dancan, mlinzi mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja mtaa wa Muraqqabat, huku ughaibuni, akacheka. "Buda, walikuwa wanapima taa tu." Wivu huo.

Jumanne, 4 Novemba
Nimechunguza magazeti ya mapokezi. Mastaa hawacheki. Wananuna, mkono shavuni, kama wenye jino bovu. Nimenuna mlangoni kutwa. Msimamizi, Bwana Mubarak, akaja kusema wageni wawili wameuliza kama nimefiwa. Hawajui sanaa.

Jumatano, 5 Novemba
Kumbe kesho anakuja Afra, yule mwigizaji, kupigwa picha ya jalada. Jalada langu! Na Mama ameshawatangazia akina mama wote wa kanisa. Siwezi kumfanya mwongo. Lakini mlango ni wangu: bila kitambulisho, hakuna kuingia. Mastaa hawabebi vitambulisho.

Alhamisi, 6 Novemba
Mpango umefaulu nusu. Afra kaja, miwani nyeusi, mikono mitupu. Nikamwomba kitambulisho. Akasema sura yake iko kwenye bango nyuma yangu. Nikamjibu sheria haisomi mabango. Kasimama juani dakika arobaini, kisha kageuza gari. Ndani, taa zimewaka, jalada halina mtu. Nikatengeneza kola, nikasubiri kuitwa. Mlinzi haachi mlango mpaka mwenzake ampokee, na Dancan, aliyekuja kunipokea, alikuwa amepitia mlango wa nyuma kunywa maji ndani. Madam Hala akamwona. Wamempiga picha yeye. Msaliti! Tena alikuwa anacheka.

Ijumaa, 7 Novemba
Dancan ndiye jalada. Bwana Mubarak ameniita ofisini: nimwandikie Afra barua ya kuomba msamaha kabla ya kesho asubuhi, la sivyo, "Khalas, Hesbon. Unarudi kwenu." Nimeogopa, nakiri. Nitarudi Butere na uso gani?

Nimeandika. Msamaha, mistari miwili. Kurasa tatu ni ushauri kuhusu taa. Nimeambatisha picha yangu, nimenuna, uso upande wa kushoto. Dancan ndiye aliyenipiga picha hiyo kwa simu. Nimemwarifu Afra kwamba niko tayari kukaa naye kwenye jalada moja, mradi safari hii aje na kitambulisho.