Kopo la Siku Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimelifungua kopo la biskuti la marehemu baba. Barua thelathini na moja alizomwandikia mama! Karatasi zimekuwa za njano, bado zinanukia sabuni. Nimesoma mpaka macho yakalowa. Enzi zile watu walisubiriana. Siku hizi ukikawia dakika mbili kujibu, unaulizwa uko na nani. Haya si mapenzi, ni doria! Nimeamua: mwalimu wa chekechea, ambaye nataka nimuoe, atajibiwa kila baada ya siku tatu, kama zama za posta. Simu nimeitia koponi.

Jumanne, 4 Machi
Kopo limetetemeka mara nne. Raha iliyoje kutamaniwa! Fundi simu, ninayegawana naye kibanda (mimi ni fundi saa), akasema kumwacha mtu roho juu si haki, hasa kama unampenda. Nikamwambia arudi kwenye vioo vyake vilivyopasuka. Kimbelembele!

Jumatano, 5 Machi
Kopo limetetemeka mara moja tu. Anaonja utamu wa kungoja. Fundi simu alitoka saa nne kasoro, eti ana kazi ya nje. Nimemwazima bisibisi yangu ndogo kwa roho safi.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya posta! Ujumbe wa juzi: saa ya darasani imesimama, njoo kesho saa nne uitengeneze, mama yangu atakuwepo, anataka kukuona. Kesho! Yaani jana! Ujumbe wa jana: basi, nimeelewa.
Nimekimbia hadi shuleni. Saa inatembea. Mwalimu, bila kuniangalia, akasema alimpigia simu yule fundi simu mwenzangu kuuliza kama niko hai, naye akaja kuitengeneza. Mama yake amemsifu sana. Kwa bisibisi yangu!

Ijumaa, 7 Machi
Nimemlilia mama. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akauliza, mwanangu, umeona stempu hata moja kwenye zile bahasha? Sikuona. Baba alizileta mwenyewe kwa miguu, kila siku, mwezi mzima, akasimama mlangoni mpaka ajibiwe. Hakuweza kungoja hata kidogo, mama akasema, kisha akajipangusa macho. Nami nikalia tena. Nampenda sana yule mwalimu.

Jumamosi, 8 Machi
Sasa nimelijua kosa langu. Nimemwandikia mwalimu barua ya kuomba radhi, kurasa sita, kutoka moyoni. Fundi simu, leo ana shati jipya, akasema anapita huko, niende naye nimkabidhi mwenyewe. Nimekataa katakata. Jambo zito namna hii halitaki pupa. Barua nimeitia koponi. Siku tatu zilikuwa chache mno. Ataipata mwisho wa mwezi.