Wosia wa Mursal Baharini

Garissa nzima hapakuwa na mtu aliyeijua bahari kama Mursal, dalali wa ngamia. Watu walilijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe aliwaambia, tena bila kuulizwa. Kuiona kwa macho, alikuwa hajaiona. Lakini alizaliwa Masalani, ukingoni mwa Tana, na kwa hesabu zake aliyezoea mto ameshazoea bahari. Tofauti ni chumvi tu.

Ndiyo maana shule zilipofungwa aliipakia familia yake garini na kuishusha Lamu, watalii kamili, kila mmoja na miwani yake ya jua. Walikuwa wanne: yeye, mkewe Nasteha, binti yao Ramlo, na Mama Osob, aliyemzaa Nasteha.

Huyu wa mwisho ndiye aliyemkosesha Mursal usingizi. Tangu siku ya harusi hakuwahi kumwita mkwewe kwa jina. Alimwita "yule". Yule amekula? Yule amerudi? Mursal, ambaye sokoni humuuzia mtu ngamia anayechechemea na bado akashukuriwa, hakuwahi kupata dawa ya neno hilo. Safari hii, aliapa moyoni, bibi kizee angemwona yeye ni mwanamume wa namna gani.

Baada ya kushiba Lamu, wakapanga kuvuka hadi kisiwa cha Pate, alikoolewa rafiki wa Nasteha wa tangu chuoni. Asubuhi hiyo Mursal aliamka nahodha. Gatini aliizunguka boti ya abiria, akaipiga kofi ubavuni kama anavyopima mnyama mnadani, kisha, kwa lafudhi yake ya Kisomali, akamwagiza nahodha halisi:

"Beleka bole bole. Kuna wanawake."

Nahodha akaitikia sawa, mzee, akaendelea kumimina petroli.

Abiria wakagawiwa majaketi ya kujiokolea. Mama Osob alilivaa lake juu ya jilbabu, akafunga kila kamba iliyokuwapo, akaongeza na fundo la kwake. Mursal alilikataa. Aliieleza boti nzima kwamba mwaka wa mafuriko makubwa aliuogelea Tana na ndama mabegani, mamba wakimtazama kwa heshima. Ramlo, ambaye alishaisikia hadithi hiyo ikiwa na mamba mmoja na akaisikia tena ikiwa na mamba watatu, akamwuliza babake leo walikuwa wangapi. Mursal akasema mtu mwenye ndama mabegani hana nafasi ya kuhesabu.

Walipotoka mlangoni mwa bahari, mawimbi yakaanza kuichezesha boti. Mursal akanyamaza, akakumbatia nguzo ya turubai, uso umemgeuka rangi ya majivu. Nasteha alipomwuliza kulikoni, alijibu kwamba anasoma upepo. Aliusoma kwa muda mrefu, na kifungua kinywa chote akaurudishia upepo huohuo.

Boti ilipoingia kwenye mkondo katikati ya mikoko, maji yakatulia, na ulimi wa Mursal ukarudi kazini. Kisiwa cha Pate kilikuwa kinaonekana. Bahari ilikuwa imekupwa, kwa hiyo nahodha alipunguza mwendo na kuwaomba watu wakae. Wote wakakaa, isipokuwa mtaalamu mmoja. Yeye alisimama mbele kabisa, kifua mbele, mkono kiunoni, akamwambia Ramlo ampige picha ya kuwatumia watu wa Garissa.

Boti ikagusa mchanga. Iligusa kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Mursal akatoka.

Aliingia majini kwa uso. Chumvi ikamjaa machoni na puani, miguu ikateleza kwenye tope, na kila alipotaka kuinuka kikoi kilimfunga miguu akaanguka upya. Mikono ilipiga maji kama mashine ya kukoboa. Kabla mtu hajasema neno, Mursal akatoa shahada kwa sauti iliyowarusha ndege mikokoni. Kisha akaanza kuaga.

Alimsihi Nasteha asiharakishe kuolewa, na akiolewa isiwe na jirani yao Sakariye. Alimwusia Ramlo asome. Aliungama kwamba Tana hakuuogelea. Alivushwa kwa boti akiwa amelala, na ndama alikuwa wa watu wengine. Mwishowe akamgeukia Mama Osob. Kwa kuwa alikuwa amefumba macho, maneno haya aliyaelekeza kwa injini:

"Mama, nisamehe, nilikuwa nikiwaambia watu kwamba unakoroma. Na yule ngamia wangu mweupe nimekupa. Watu wote hawa ni mashahidi."

Nasteha akaziba mdomo. Ngamia mweupe alikuwa malkia wa maziwa wa Ijara yote. Mursal alishakataa kumuuza, kumwazima, hata kumwonyesha mtu mwenye jicho baya.

Nahodha alikuwa na neno la kusema, lakini nani atamkatiza mtu anayekata roho? Mama Osob ndiye aliyeinama ukingoni. Akaangalia maji, akamwangalia mkwewe, akasema polepole:

"Mursal. Simama."

Jina lake. Alilisikia hata humo ndani ya mauti. Akasimama.

Maji yalimfika magotini.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Halafu mama mmoja mwenye kapu la mikate akaanza kukohoa, na kikohozi kile kikaambukiza hadi nahodha.

Kwa kuwa boti haikuweza kusonga tena, kila mtu alikunja nguo akashuka kutembea hadi nchi kavu. Mursal alibeba mabegi, akijikokota nyuma. Mama Osob akapunguza mwendo hadi wakawa sambamba. Akaulizia afya ya ngamia mweupe.

Mursal akahamishia mabegi bega la pili. Alieleza, kwa heshima zote, kwamba wosia ni wa maiti, na yeye, kwa rehema za Mungu, ni mzima.

"Alhamdulillahi," akasema Mama Osob. "Basi haukuwa wosia. Ilikuwa zawadi. Zawadi ya mtu mzima haingoji mazishi."

Nyuma yao mama wa mikate akasema alisikia kila kitu. Nahodha akasema naye pia.

Pwani ya Pate mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo Mursal alilazimika kupanda juu ya jiwe na kumpigia Adow, mchungaji wake, huku akipaza sauti mbele ya kijiji kilichokuja kupokea wageni. Ndiyo, yule mweupe. Ndiyo, wa Mama Osob kuanzia leo. Hapana, hajalewa, haujui ulevi.

 Kwa huruma kubwa, Adow akamwuliza tajiri wake kama madaktari wamesema amebakisha siku ngapi.