Tulipokwenda Kumzuia Idi Asihamie Mwanza

Jamani, leo nimeadhirika. Naandika nimejifungia chumbani, kanzu bado mwilini, jasho halijakauka.

Mnamjua Idi, yule kijana wetu mrefu wa mpira wa kikapu hapa Ujiji. Mkataba wake na timu umeisha. Yuko huru, anayemtaka amchukue, na watu wa Mwanza wanamtaka kweli kweli! Viongozi wetu ukiwauliza wanasema mazungumzo yanakwenda vizuri. Yanakwenda vizuri na nani, wakati mpaka juzi Idi mwenyewe alikuwa hajapigiwa hata simu?

Basi leo baada ya swala ya Ijumaa mashabiki tukakaa kwenye ukuta wa uwanja, ubishi ukaanza. Mmoja anasema aachwe aende, timu si mtu mmoja. Mwingine anasema viongozi wanamchosha makusudi, akikosa pa kwenda wampate kwa bei ya kutupa. Mwalimu Swai (mtu wa Moshi, kahamishiwa huku, anapenda mikataba kuliko chakula) akasema kosa ni moja tu: hakuna aliyekwenda kukaa na familia akaeleza vipengele.

Hapo nikafungua mdomo. (Mdomo huu!)

Nikawaambia, enzi zetu nani alisaini kitu? Uwanja huu ulikuwa vumbi jekundu tupu. Goli la upande wa ziwani limeinama, ubao wake umetokana na mtumbwi mbovu. Jioni upepo ukivuma kutoka ziwani mpira unapinda, na sisi tunajua unapinda kiasi gani. Tukishinda, tunakwenda kula ugali wa muhogo na migebuka kwa mama wa mchezaji anayekaa karibu. Ukimtaka mchezaji, unamwomba kwa mama yake, basi.

"Na mama yake Idi namjua tangu usichana," nikasema. "Zuhura! Alikuwa anakaa hapa hapa ukutani kila jioni, anasuka ukili. Nikifunga, anapiga kelele kuliko honi ya meli."

(Mtu mmoja akakohoa. Sikumjali.)

Wakatutuma, mimi na Mwalimu Swai.

Sasa, huendi kwa watu mikono mitupu. Dukani nikachukua sukari na doti ya kanga, buluu na njano, rangi za timu. Maandishi sikuyasoma. (Miwani niliisahau nyumbani. Najua hainiokoi, lakini mjue.)

Bi Zuhura akatupokea vizuri, akatutandikia mkeka barazani. Ni mjane siku nyingi. Mimi nami mke wangu alishatangulia, Mungu amrehemu. Kaka yake mkubwa, Mzee Ramadhani, alikuwa amekuja kutoka Simbo na gunia la mihogo. Nikamwamkia, tukakaa. Idi alikuwa mazoezini.

Zuhura akacheka kitu fulani, na kicheko kilikuwa kile kile cha ukutani. Nikajikuta nazungumzia goli lililoinama, mvua iliyotukuta fainali, viatu tulivyovaa kwa zamu. Yeye ananimalizia sentensi. Nilisahau nilichofuata mpaka Mwalimu aliponifinya.

Nikakaa sawa. Nikaanza kwa adabu, kama tulivyofundishwa, bila kutaja jina.

"Nyumba hii ina lulu," nikasema. "Tumeiona siku nyingi, tumenyamaza. Sasa tunasikia watu wa mbali wanainyemelea. Tukasema hapana, sisi wa hapa hapa tutangulie kuomba."

Nikasukuma mbele sukari na kanga. Zuhura akaifungua kanga, akasoma taratibu: "Nimechelewa lakini nimefika."

Akajifunika uso kwa upande wa mtandio, akaingia ndani.

"Machozi ya furaha," nikamnong'oneza Mwalimu. "Idi haendi popote."

Mzee Ramadhani akasogeza kiti. "Ego," akasema, akiitikia kwa kichwa. "Umekuja kwa heshima. Haya, masharti yako?"

Nikampisha Mwalimu. Laiti ningemziba mdomo!

"Tunaanza na miaka miwili," Mwalimu akasema. "Tukiridhika, tunaongeza."

"Miwili?"

"Kwanza tutapima afya. Magoti hasa."

"Magoti!"

"Na kiwango kikishuka, tunaweza kumwazimisha kwa wenzetu wa Kidahwe. Akirudi tunamwangalia upya."

Mzee Ramadhani akasimama, na fimbo mkononi. "Yewe, Mrisho! Unataka kumwoa dada yangu kwa majaribio? Halafu umwazimishe Kidahwe?"

Jirani aliyekuwa anaanika dagaa akaacha kuanika. Mlangoni akatokea Zuhura. Amejifunga ile kanga mpya. Wanja machoni. Harufu ya udi imemtangulia.

Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikapayuka: "Mimi nilikuja kwa ajili ya Idi!"

Mzee Ramadhani akashusha fimbo.

"Idi," akasema Zuhura. "Mambo ya kikapu."

"Mambo ya kikapu," nikajibu. Ningeweza kuingia ndani ya lile gunia la mihogo, ningeingia.

Zuhura akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango, jirani naye akacheka, hata Mwalimu (msaliti!) akageukia ukuta mabega yakimtetemeka. Kisha Zuhura akafuta macho, wanja ukachafuka, akanitazama.

"Mrisho, wewe ulidhani nilikuwa nakuja uwanjani kutazama mpira? Mimi mpaka leo sijui pointi zinahesabiwaje."

Jioni zote zile nilikuwa natazama goli.

Ndipo Idi akaingia, mpira kwapani. "Shikamoo baba. Shikamoo mjomba. Kuna nini?" Mjomba wake akamweleza yote, kwa sauti ya kufika Katonga. Kijana akakaa chini kwa kucheka.

"Lakini mimi nimeshasaini," akasema alipopata pumzi. "Leo asubuhi kiongozi mmoja alikuja mwenyewe, tukaelewana. Nabaki msimu mmoja. Ila kwa mama, baba, miaka miwili ni dharau."

Tukaaga. Nikamwuliza Zuhura kwa aibu kama kanga niirudishe dukani. Akakaza fundo. "Kwani mimi nimekurudishia maneno yako?"

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukienda kuomba kwa watu, taja jina mapema. Jumapili nimeitwa chai. Mwalimu Swai haji, na jina safari hii nalijua. Asicheke mtu.